Mwenye shamba aliyekataa kuuza mvinyo kwa pipa

HADI miaka ya mwanzo ya 1920, mkulima wa zabibu wa Pauillac, mji mdogo ulio kiasi cha kilomita 50 kaskazini mwa Bordeaux nchini Ufaransa, hakuwa na tofauti kubwa na mkulima wa korosho anayeuza mlangoni kwake. Alivuna, akakamua, akaujaza mvinyo wake kwenye mapipa, na kabla miezi mingi haijapita wafanyabiashara wa mjini wakaja kuyachukua. Maghala yao yalikuwa katika mtaa wa Chartrons, kando ya mto Garonne. Huko ndiko mvinyo ulikotunzwa hadi ukaiva, ukatiwa kwenye chupa, ukabandikwa lebo na kupangiwa bei.

Mwenye shamba hakuwa na njia ya kujua kilichoendelea ndani ya maghala hayo. Mvinyo wake ukichanganywa na mwingine hafifu, mnywaji wa London alililaumu shamba. Na bei ikipanda wakati mapipa yamelala, faida iliingia kwenye mfuko wa mwenye ghala.

Moja ya mashamba hayo ni Château Mouton Rothschild. Leo chupa moja ya mvinyo wake mwekundu huuzwa kwa mamia ya euro hata kabla haijafika dukani. Eneo lake la mizabibu ni takriban hekta 84, sawa na ekari 207 hivi, ambazo kwa Mtanzania mwenye shamba la mkonge au miwa si kitu cha kutisha. Kinachostahili kuangaliwa na mkulima pamoja na mchuuzi ni hatua zilizolifikisha hapo. Nyingine zilichukuliwa shambani, lakini zile nzito zaidi zilichukuliwa kwenye ghala, ofisini na hata kwenye karatasi ya lebo.

Kijana wa miaka 20

Ukoo wa Rothschild ulilipata shamba hili mwaka 1853, pale Nathaniel de Rothschild, wa tawi la Uingereza la ukoo huo wa mabenki, alipolinunua kwa mnada. Alitaka kuwaandalia wageni wake mvinyo wa shamba lake mwenyewe. Wakati huo lilijulikana kama Brane-Mouton, naye akalipa jina la ukoo wake. Neno “mouton” kwa Kifaransa ni kondoo, ingawa inaelezwa kuwa jina la mahali hapo lilitokana na neno la kale lenye maana ya kilima kidogo.

Kwa karibu miaka 70 wenye mali waliishi mbali na kuliacha shamba mikononi mwa wasimamizi. Mwaka 1922 likakabidhiwa kwa kitukuu wa Nathaniel, Philippe de Rothschild, kijana wa miaka 20 tu. Baba yake, Henri, alikuwa daktari na mtunzi wa michezo ya kuigiza, na habari za mizabibu hazikumvutia.

Miaka miwili baadaye kijana huyo alitoa uamuzi uliowashtua watu wa Chartrons. Kuanzia mavuno ya 1924, mvinyo wote wa Mouton ungetiwa kwenye chupa palepale shambani. Aliwafuata pia majirani wa mashamba ya daraja la juu na kuwashawishi wafanye vivyo hivyo. Kabla ya hapo yalikuwapo mashamba yaliyotia sehemu ya mvinyo wao kwenye chupa, lakini kuutia wote, kila mwaka, lilikuwa jambo jipya.

Ni rahisi kulisimulia jambo hili kama ushujaa, lakini kiuchumi lilikuwa mzigo. Mvinyo ambao awali uliondoka ukiwa mchanga sasa ulipaswa kulala shambani miaka miwili au zaidi. Mapipa yakahitajika mengi zaidi, pamoja na chupa, vizibo, wafanyakazi wa mwaka mzima na nafasi ya kuhifadhi. Fedha iliyozoeleka kuingia mapema ikachelewa. Ndiyo maana mwaka 1926 lilijengwa ghala kubwa lenye urefu wa mita 100, lililobuniwa na Charles Siclis, ambalo hadi leo wageni huoneshwa. Mapipa yamepangwa humo sakafuni kwa mistari iliyonyooka kama wanafunzi kwenye paredi.

Na hapa isemwe wazi: kijana huyu alizaliwa katika ukoo wa mabenki. Mkulima wa kawaida wa Pauillac, mwenye hekta mbili na deni, asingeweza kusubiri miaka miwili bila kuuza. Alichofanya Philippe kiliwezekana kwa sababu mtaji wa kusubiri ulikuwapo. Wanaowahimiza wakulima wadogo “kuongeza thamani” bila kueleza fedha ya kusubiri itatoka wapi wanasimulia nusu tu ya habari.

Hata hivyo, muda ulionesha kuwa hofu yake kuhusu maghala ya mjini haikuwa ya bure. Mwaka 1973 iliibuka kashfa kubwa mjini Bordeaux ya mvinyo wa bei rahisi kutoka sehemu nyingine uliouzwa kwa hati za Bordeaux, na mwaka uliofuata mahakama iliwatia hatiani wafanyabiashara kadhaa, wakiwamo wa nyumba ya zamani na yenye heshima ya Chartrons. Mashamba yaliyofunga chupa zao yenyewe yalikuwa na la kujibu mteja alipouliza.

Mwaka mbaya na mdogo wake Mouton

Mavuno ya 1930 yalikuwa mabaya. Philippe alikuwa na njia mbili: kuuza mvinyo hafifu kwa jina la Mouton na kuliharibu, au kumwaga mali na kula hasara. Akachagua ya tatu. Mvinyo huo ulipewa jina jingine, Mouton Cadet, na kuuzwa kwa bei ndogo. “Cadet” kwa Kifaransa ni mtoto mdogo, naye Philippe alikuwa kitinda mimba kwao.

Watu waliupenda kuliko ilivyotarajiwa, tena kiasi kwamba shamba halikuweza kutosheleza mahitaji. Hapo ndipo ukageuka kuwa biashara tofauti kabisa, inayotumia zabibu na mvinyo wa wakulima wengine wa Bordeaux. Leo Mouton Cadet huuzwa kwa mamilioni ya chupa kwa mwaka, ukipatikana hadi kwenye maduka makubwa na ndege. Haupaswi kuchanganywa na Château Mouton Rothschild wenyewe. Mteja anayedhani amepata cha ukoo huo kwa bei ya kutupa amenunua kitu kingine, kizuri kwa bei yake lakini kingine.

Tangu mavuno ya 1993 upo pia mvinyo wa pili unaotoka ndani ya shamba lenyewe, Le Petit Mouton, ambao hupokea mapipa yasiyofikia kiwango, mengi yakitoka kwenye mizabibu michanga. Kwa maneno mengine, kila mwaka wataalamu huonja pipa kwa pipa na kuamua lipi libebe jina kubwa. Ni hasara inayokubaliwa kwa makusudi ili jina lisishuke.

Ardhi isiyofaa kwa mahindi

Mkulima akishika udongo wa Mouton mkononi huenda akauhurumia. Ni changarawe tupu, mawe madogo meupe na ya kijivu yaliyoletwa na mito zama za kale sana. Mahindi hapo yangedumaa. Lakini changarawe hupitisha maji haraka, hivyo mizizi haikai kwenye unyevu na hulazimika kwenda chini sana kutafuta chakula. Mawe pia huhifadhi joto la mchana na kulitoa usiku, jambo linalosaidia zabibu kuiva katika nchi yenye vuli ya baridi na mvua. Mlango wa mto Gironde ulio karibu hupunguza makali ya baridi.

Aina inayotawala ni Cabernet Sauvignon, yapata asilimia 80 ya shamba, ikifuatwa na Merlot, halafu Cabernet Franc na Petit Verdot kwa kiasi kidogo. Cabernet Sauvignon huchelewa kuiva na ganda lake ni nene, ndiyo maana mvinyo wake ukiwa mchanga hukwaruza ulimi kama chai iliyokolea bila sukari, na huhitaji miaka mingi kulainika. Mizabibu yenyewe hubebeshwa juu ya mashina yenye asili ya Marekani, kwa sababu katika karne ya 19 mdudu aitwaye filoksera, aliyetoka huko huko Marekani, alimaliza mashamba ya Ulaya kwa kula mizizi.

Hupandwa mizabibu 10,000 kwa hekta moja, mita moja kwa mita moja. Kusudi ni mizabibu kushindana, kila mmoja ubebe vichala vichache. Tuchukue mfano wa mavuno ya lita 4,000 kwa hekta, kiasi cha kawaida kwa mashamba ya daraja hilo. Gawanya kwa mizabibu 10,000: kila mzabibu unatoa lita 0.4, yaani nusu chupa na ushee kidogo. Wakulima wa Dodoma, wanaovuna mara mbili kwa mwaka na kupima mafanikio kwa kilo, wanaweza kuiona hesabu hii kuwa ya kichaa. Kule mvinyo huvunwa mara moja tu, mwishoni mwa Septemba hadi Oktoba, na sheria ya eneo la Pauillac huweka kikomo cha mavuno kwa hekta. Anayevuna kupita kikomo haruhusiwi kulitumia jina la Pauillac kwa ziada hiyo.

Kuvuna ni kwa mkono, na zabibu huchambuliwa kabla ya kupondwa. Juisi huchachuka pamoja na maganda, maana rangi nyekundu imo kwenye ganda. Kisha mvinyo hukaa kwenye mapipa ya mwaloni ya lita 225, mengi yakiwa mapya, kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Pipa moja hutoa chupa 300. Ukikumbuka kuwa pipa jipya la mwaloni wa Ufaransa hugharimu mamia ya euro, utaona kwamba hata chombo cha kuhifadhia ni bajeti ya kujitegemea.

Daraja la pili kwa miaka 118

Mwaka 1855, Ufaransa ikiandaa maonesho makubwa ya kimataifa jijini Paris chini ya Napoleon III, madalali wa Bordeaux waliombwa kuandika orodha ya mvinyo bora wa mkoa wao. Hawakuitisha mashindano ya kuonja. Walifungua vitabu vyao vya biashara na kuangalia kila shamba limekuwa likiuza kwa bei gani kwa miaka mingi, kisha wakagawa mashamba katika madaraja matano. Lilikuwa jambo la busara kwa dalali: bei ya muda mrefu ni ushahidi wa wanunuzi wengi, si wa mwonjaji mmoja.

Daraja la kwanza lilipata mashamba manne: Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion. Mouton liliwekwa la kwanza katika daraja la pili. Wapo wanaodai lilionewa kwa sababu lilikuwa limenunuliwa miaka miwili tu kabla na mtu wa Uingereza. Lafite, shamba jirani, nalo lilinunuliwa mwaka 1868 na tawi jingine la ukoo huohuo, hivyo likawapo jambo la ndugu wawili kukaa ua moja na vyeo tofauti. Ushindani wao haukuwa siri kwa mtu yeyote wa Bordeaux.

Orodha hiyo, iliyokusudiwa kwa maonesho ya msimu mmoja, iligeuka kuwa kama msahafu. Philippe alihangaika kwa miongo kadhaa akiandika barua, akigonga milango ya wizara na kuhakikisha mvinyo wake hauuzwi chini ya bei ya wale wanne. Juni 1973 Waziri wa Kilimo, Jacques Chirac, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Ufaransa kuanzia 1995 hadi 2007, alitia saini amri ya kulipandisha Mouton daraja la kwanza. Hakuna shamba jingine lililowahi kupandishwa daraja katika orodha hiyo.

Lebo yenye gharama ya mvinyo

Mwaka 1924, kusherehekea chupa za kwanza kufungwa shambani, Philippe alimpa mchoraji wa matangazo Jean Carlu kazi ya kubuni lebo. Wengi waliiona ya ajabu, naye akaiacha. Wazo lilirudi baada ya Vita Kuu ya Pili, na vita hivyo havikupita Mouton kwa upole. Familia ilikuwa ya Kiyahudi. Serikali ya Vichy ilimvua Philippe uraia na kutwaa mali, naye akatoroka hadi kujiunga na majeshi ya Jenerali de Gaulle. Mkewe, Élisabeth, alikamatwa na kufia katika kambi ya Wanazi ya Ravensbrück mwaka 1945. Binti yao, Philippine, alinusurika.

Mavuno ya 1945 yalikuwa kidogo sana kwa sababu baridi kali ya Mei iliunguza machipukizi, lakini kiangazi kilikuwa cha joto na zabibu zilizobaki ziliiva kwa kiwango cha nadra. Lebo ya mwaka huo, iliyochorwa na Philippe Jullian, ilibeba herufi V ya ushindi. Tangu hapo karibu kila mwaka umekuwa na mchoraji wake: Dalí alichora ya 1958, Chagall ya 1970, Warhol ya 1975. Mwaka 1973, wa kupandishwa daraja, ulipewa kazi ya Picasso, aliyefariki Aprili mwaka huo. Lebo ya 2016 ni ya William Kentridge wa Afrika Kusini.

Wasanii hawalipwi fedha taslimu. Hupewa makasha ya mvinyo. Kwa shamba ni malipo ya bei ya uzalishaji, kwa msanii ni malipo ya bei ya soko, na tofauti hiyo inawafurahisha wote wawili. Mfanyabiashara mdogo anayelipa fundi kwa bidhaa anaifahamu hesabu hii bila kufundishwa. Zaidi ya hapo, wakusanyaji wanaotaka lebo zote hulazimika kununua hata miaka ambayo mvinyo haukuwa mzuri sana.

Septemba 2006, katika mnada wa Christie's jijini Los Angeles, kasha moja la chupa 12 za mwaka 1945 lililotoka moja kwa moja kwenye ghala la Mouton lilinunuliwa kwa dola 290,000 za Marekani. Hilo la “moja kwa moja” lilikuwa na uzito kwenye bei, kwa sababu chupa kuukuu za Kifaransa hughushiwa. Mwaka 2013 mahakama ya New York ilimtia hatiani Rudy Kurniawan, aliyekuwa akichanganya mvinyo nyumbani kwake na kubandika lebo za kale.

Butura ya matajiri

Wakulima wa kahawa wa Kagera wanaijua butura: kuuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya mnunuzi, kwa sababu ada ya shule haisubiri. Mashamba makubwa ya Bordeaux nayo huuza kabla mali haijakamilika. Masika ya mwaka unaofuata mavuno, waonjaji na wanunuzi hufika kuonja kutoka kwenye pipa, shamba hutangaza bei, na wafanyabiashara wa jumla hulipia mvinyo ambao chupa zake watazipata baada ya miezi mingi. Katikati husimama dalali aliyesajiliwa, ambaye kamisheni yake ya kawaida ni asilimia mbili. Tofauti na butura ni moja tu, nayo ni kubwa: hapa anayetaja bei ni mwenye shamba. Fedha ya mnunuzi ndiyo inayogharimia kusubiri kulekule kulikomlazimu Philippe kutumia fedha ya ukoo.

Utaratibu huo una faida kwa mnunuzi ikiwa tu bei itakuwa imepanda chupa zitakapofika. Kwa miaka mingi ilipanda. Karibuni imegoma. Wafanyabiashara walijikuta na akiba ya miaka ya nyuma ambayo sokoni ilikuwa rahisi kuliko mvinyo mpya ulio kwenye pipa, na kwa mavuno ya 2023 na 2024 mashamba makubwa, Mouton likiwamo, yalilazimika kushusha bei ya kuanzia kwa kiwango kikubwa.

Philippe alifariki mwaka 1988 baada ya kuanzisha pia mvinyo wa Opus One huko California kwa ubia na Robert Mondavi. Philippine, aliyekuwa mwigizaji wa jukwaani, aliiongoza kampuni hadi kifo chake mwaka 2014 na kuifikisha Chile, ambako mvinyo wa Almaviva ulianza mwaka 1997 kwa ubia na Concha y Toro. Sasa imo mikononi mwa watoto wake watatu.

Kwa shamba la daraja hilo, kushusha bei kunauma lakini hakuui. Hali ni nyingine kwa mkulima wa Bordeaux asiye na jina, anayeuza mvinyo wake kwa jumla. Wafaransa wamepunguza kunywa mvinyo mwekundu, China nayo imepunguza kununua, na bei ya jumla imeshuka hadi chini ya gharama za uzalishaji. Desemba 2022 wakulima waliandamana mjini Bordeaux. Mwaka uliofuata ulitangazwa mpango wa euro milioni 57, zilizochangwa na serikali na chombo cha wadau wa mvinyo wa mkoa huo, kuwalipa watakaong'oa mizabibu yao. Lengo lilikuwa hekta 9,500 na malipo yalikuwa euro 6,000 kwa hekta. Baadhi ya walioupokea mpango huo wamejaribu mizeituni na mazao mengine. Waliochagua fungu la serikali walitakiwa kuiacha ardhi iwe msitu au pori kwa miaka 20.